Uzi: Kuchagua saa mpya ya kupigia mbizi yenye umbo la zamani, na kwa nini kipenyo peke yake hakitoshi

Mwanzisha uzi

Wakuu, habari za wakati huu.

Kwa miaka kadhaa sasa kampuni za saa zimerudi kutengeneza saa za kupigia mbizi zenye umbo la zile za miaka ya 1950 na 1960, yaani kasha dogo, kioo kilichotuna kidogo na uso usio na mambo mengi. Kwetu sisi tuliochoshwa na saa zilizokuwa zikinenepa toleo hadi toleo, hiyo ni habari njema. Hata hivyo, naona wengi tunaendelea kununua kwa kutazama tarakimu moja tu, nayo ni kipenyo. Mtu ameamua kwamba mkono wake ni wa milimita 39, basi anaagiza saa yoyote yenye 39, na ikifika anashangaa kuiona imekaa juu ya mkono kana kwamba si ya kwake. Nimeufungua uzi huu ili tujadili ni kipi kitazamwe kwanza, na msimamo wangu ni kwamba kipimo cha kwanza ni urefu wa saa kutoka ncha ya pembe ya juu hadi ncha ya pembe ya chini. Kwa pembe nina maana ya vile vipande vinne vya kasha vinavyoushika mkanda kwa pini.

Kabla ya kufika huko, tuondoe dhana moja. Si kweli kwamba saa zote za wazamiaji wa zamani zilikuwa ndogo. Blancpain ya Uswisi ilipotoa Fifty Fathoms mwaka 1953, iliipa kipenyo cha karibu milimita 42, kwa sababu Robert Maloubier na Claude Riffaud, maofisa waliokuwa wakikiandaa kikosi cha waogeleaji wa kivita wa Ufaransa, walitaka saa inayosomeka upesi ndani ya maji yenye giza, na Jean-Jacques Fiechter aliyekuwa akiiongoza kampuni hiyo alilielewa hitaji lao kwa kuwa yeye mwenyewe alikuwa mzamiaji. Jina la saa lilitokana na kina cha pima 50, ambazo ni karibu mita 91. Katika miaka hiyohiyo Rolex ilikuwa ikiandaa Submariner, ambayo matoleo yake ya mwanzo kama namba 6204 yalikuwa na milimita 37 au 38 hivi. Tudor namba 7922 ya mwaka 1954 ilikuwa na 37, Omega Seamaster 300 ya mwaka 1957 ilikuwa na 39, na saa ya kwanza ya wazamiaji ya Seiko, ile ya mwaka 1965 ambayo wapenzi wa saa huiita 62MAS, nayo ilikuwa kwenye 37 au 38.

Kati ya ndogo na kubwa katika hizo kuna tofauti ya milimita tano, lakini ukizipanga mezani unaziona ni za ukoo mmoja. Undugu wao unatokana na mambo mengine: pembe ni fupi na zinainama kuufuata mkono, bezeli (ile pete ya juu inayozungushwa) imechukua karibu upana wote wa kasha, na uso ni mpana ukilinganisha na chuma kinachouzunguka. Kampuni inayotaka kuurudisha mtindo huo ikapunguza kipenyo tu, huku ikiacha pembe ndefu na ubavu mnene, itakuwa imetengeneza saa ndogo ya kisasa yenye rangi za zamani.

Sasa tuje kwenye urefu. Chukueni Doxa Sub 300, saa ambayo asili yake ni ile ya mwaka 1967 iliyojulikana kwa uso wake wa rangi ya chungwa. Kipenyo chake ni milimita 42.5, na mtu mwenye mkono mwembamba akisoma tarakimu hiyo ataipita bila kugeuka. Kumbe urefu wake ni milimita 45 tu, kwa sababu kasha limetanuka ubavuni na karibu halina pembe zinazochomoza. Seiko SKX007, ambayo wengi wetu tumeijua tangu zamani na ambayo uzalishaji wake ulikoma mwaka 2019, ina kipenyo cha zaidi ya milimita 42 na urefu wa 46. Upande wa pili, Longines ilipoirudisha Legend Diver mwaka 2007 iliitoa kwa kipenyo cha milimita 42 na urefu uliozidi 50, na watu wengi walioipenda sana kwenye picha walishindwa kuivaa. Kipenyo cha saa hizi tatu karibu ni kilekile, lakini kati ya fupi kuliko zote na ndefu kuliko zote kuna zaidi ya milimita tano, na hizo ndizo zinazoamua kama saa italala juu ya mkono au ncha zake zitaning'inia hewani.

Kuujua mkono wako hakuhitaji utaalamu. Laza mkono mezani, kiganja kikitazama chini, weka rula pale saa inapokaa, kisha upime ile sehemu iliyo bapa tu, kabla mkono haujaanza kuviringa kuelekea chini. Msitumie mzingo wa mkono peke yake, kwa sababu watu wawili wenye mzingo wa sentimita 17 wanaweza kuwa mmoja na mkono bapa na mwingine na mkono wa mviringo, na saa itakayomkaa huyu haitamkaa yule. Urefu wa saa ukizidi upana huo bapa, iacheni. Ikiwa saa ina mkanda wa chuma, angalieni pia kipande cha kwanza cha mkanda kinachopachikwa kati ya pembe. Kuna vinavyoteremka mara moja, na kuna vinavyonyooka nje kwanza kabla ya kukunja, navyo huongeza urefu ambao hamtauona kwenye orodha ya vipimo.

Kipimo cha pili ni unene, nao usomwe kwa vipande. Milimita 13 ambazo mbili kati yake ni kioo kilichotuna ni tofauti kabisa na milimita 13 za chuma kitupu, kwa kuwa kioo kinapitisha mwanga na jicho halikihesabu. Tudor Black Bay ya milimita 41, ilipopewa mashine iliyotengenezwa na kampuni yenyewe mwaka 2016, ilifika unene wa karibu milimita 15, na ubavu wake ulikuwa wima kama ukuta. Mwaka 2018 ikaja Black Bay Fifty-Eight yenye kipenyo cha 39, unene wa 11.9 na urefu wa karibu 48. Mabadiliko ya kipenyo yalikuwa ya milimita mbili, lakini yale ya unene yalikuwa ya karibu tatu, na nasema bila kusita kwamba ni unene uliowavuta watu, ingawa wengi walipoisifu walitaja kipenyo.

Baada ya hayo, nizitaje saa tano ambazo naona zinastahili kufikiriwa na mtu anayenunua mpya.

Seiko SPB143 ya mwaka 2020 ndiyo ningemwelekeza mtu aanzie hapo. Inaifuata 62MAS ya mwaka 1965, saa ambayo Wajapani waliivaa hata katika safari zao za utafiti Antaktika. Kipenyo chake ni milimita 40.5, urefu 47.6, unene 13.2, na inahimili mita 200. Ukiitazama kwa karibu utaona pembe zake zimetobolewa moja kwa moja, hivyo unaweza kusukuma pini kutoka nje kwa kijiti chembamba na kubadilisha mkanda bila kuuchubua ubavu. Jambo dogo hilo mtu anayeivaa baharini atalishukuru kila wiki, maana mikanda ya baharini hubadilishwa mara kwa mara. Nina malalamiko mawili. Tarehe imewekwa kati ya saa kumi na saa kumi na moja, mahali ambapo haikuwapo kwenye saa ya asili na inapovuruga utulivu wa uso. La pili ni kwamba usahihi unaotangazwa na kampuni kwa mashine yake ya 6R35 ni kati ya kuchelewa sekunde 15 na kuwahi sekunde 25 kwa siku, na kwa saa ya bei hiyo ningetaka zaidi.

Black Bay Fifty-Eight nimeshaieleza. Mashine yake inathibitishwa na COSC, taasisi ya Uswisi ya kupima usahihi, ambayo kiwango chake ni kati ya kuchelewa sekunde 4 na kuwahi sekunde 6 kwa siku, na ikishajazwa ufunguo kikamilifu hutembea kwa saa 70. Mdogo wake, Black Bay 54 ya mwaka 2023, anarudi kwenye milimita 37 zilezile za namba 7922, akiwa na urefu wa 46 na unene wa 11.2. Kati ya saa zote za sasa ninazozijua, hii ndiyo iliyokaribia zaidi uwiano wa asili yake, na kufuli ya mkanda wake inaweza kulegezwa au kukazwa kwa milimita kadhaa bila kifaa chochote, jambo lenye faida kubwa kwetu, kwa kuwa mkono huvimba mchana wa joto na kupungua usiku. Dosari yake ni kwamba bezeli haina alama za dakika moja moja katika robo ya kwanza. Ilifanywa hivyo kwa kuifuata saa ya zamani, na hapo naona umbo limeipunguzia saa kazi yake.

Longines Legend Diver ya milimita 39, iliyotolewa mwaka 2023, imeusahihisha urefu nilioulalamikia kwenye ile ya 2007: sasa ni 47, unene ni 12.7, haina tarehe, na inahimili mita 300. Pete yake ya kupimia muda iko ndani ya kioo na huzungushwa kwa kitufe cha pili kilicho karibu na saa nane. Ni nzuri mno kuitazama, ila kitufe hicho hufungwa kwa skrubu, na mzamiaji anapaswa kuipanga pete kabla ya kuingia majini, wala si akiwa chini.

Ya tano ni Baltic Aquascaphe kutoka Ufaransa. Ina kipenyo cha 39, urefu wa 47, mashine ya Miyota ya Japani na uwezo wa mita 200, na bei yake ni ya chini sana ukilinganisha na zile za Uswisi. Anayetaka umbo la zamani bila kutumbukiza akiba yake yote aitazame hii.

Kuhusu kina sitasema mengi. Mzamiaji wa burudani hapaswi kupita mita 40, na wengi wenye cheti cha mwanzo huishia mita 18, kwa hiyo mita 200 zinatosha na kubaki. Muhimu zaidi ni kama saa imepimwa kwa ISO 6425, kiwango cha kimataifa cha saa za wazamiaji, ambacho hutaka saa ihimili walau mita 100, ipimwe kwa shinikizo la maji linalozidi kina kilichotajwa kwa asilimia 25, isomeke gizani kutoka umbali wa sentimita 25, na kifaa chake cha kupimia muda kiwe kimekingwa dhidi ya kusogea chenyewe.

Karibuni kwa michango.

Mchangiaji wa pili

Mkuu, shukrani kwa uzi ulioandikwa kwa utulivu. Mimi ni mwanamke mwenye mkono mwembamba, na nilipopima kama ulivyoelekeza nimepata milimita 47 za upana bapa. Nina maswali mawili. Je, niamini kwamba Black Bay 54 itanikaa ilhali imebaki milimita moja tu? Na ikiwa tunayatafuta maumbo ya zamani, kwa nini nisitafute saa ya zamani yenyewe, ya miaka ya 1960, badala ya kununua mpya inayoiiga?

Mwanzisha uzi

Dada, karibu sana. Kwa swali la kwanza, itakukaa, kwa sababu pembe za 54 zinainama chini na saa yenyewe ni nyembamba. Bado nakushauri uijaribu mkononi ukiwa umesimama mbele ya kioo kirefu, kwa kuwa unapoitazama saa kutoka juu, karibu na macho yako, huonekana kubwa kuliko watu wengine wanavyoiona. Kama dukani hawana 54, jaribu saa yoyote yenye urefu wa milimita 46 ili mkono wako ukuonyeshe, hata kama muundo wake ni mwingine.

Swali la pili ni zito, nami nina msimamo mkali juu yake: saa ya zamani ivae kwenye sherehe, usiingie nayo baharini. Oringi, yaani mipira ya kuzuia maji, huzeeka na kukauka, na ingawa hubadilishwa, zile kingo za chuma ambazo mpira huzikalia huwa zimeshaliwa na chumvi kwa miongo mingi, na mpira mpya haufuniki shimo la kutu. Kuna pia suala la rangi ya kung'aa gizani. Hadi miaka ya 1960 viwanda vilitumia radiamu, ambayo nusu yake hupungua baada ya miaka 1600 hivi, kwa hiyo hata rangi iliyokwisha kung'aa bado inatoa mnururisho, na vumbi lake ni hatari kwa fundi saa anayefungua kasha bila kujua. Baadaye ilitumika tritiamu, ambayo nusu ya nguvu yake hupotea kila baada ya miaka 12 hivi, na ndiyo maana saa za enzi hizo sasa haziwaki tena. Saa mpya hutumia rangi isiyo na mnururisho inayojichaji kwa mwanga.

Kwa kuwa tumefika kwenye rangi, niongeze hili. Siku hizi rangi hiyo mara nyingi hutiwa weupe wa malai ili ifanane na ile iliyozeeka. Sina ugomvi na malai, ila uulize inawaka kwa kiasi gani baada ya saa kadhaa gizani, maana rangi ya kijani hafifu kwa kawaida huwaka zaidi.

Mchangiaji wa tatu

Wakuu, nachangia kama mtu anayefanya kazi na wazamiaji hapa Mafia. Mita za kina na tarehe ni mambo ya dukani. Huku kwetu, mbizi za mlango wa Kinasi, unaoingia ghuba ya Chole, hupangwa kwa kufuata maji kujaa na kupwa, kwa kuwa mkondo wake ni mkali, na kila mzamiaji huwa na kompyuta ya mbizi mkononi. Saa ni akiba, endapo kompyuta itazimika. Matumizi yake ni mawili tu: kujua umekaa chini dakika ngapi, na kuhesabu zile dakika tatu za kusimama kwenye mita tano kabla ya kutoka juu. Kwa hiyo namuunga mkono mwanzisha uzi juu ya alama za dakika kwenye bezeli. Unaposimama kwenye mita tano huku wimbi likikupandisha na kukushusha, macho yanatafuta alama, na pasipo alama unakisia.

Jambo la pili ni la mkanda. Saa ikivaliwa juu ya nguo ya kuzamia inahitaji mkanda mrefu, na ule wa chuma mara nyingi hautoshi. Wengi hutumia mkanda wa kitambaa unaopita chini ya kasha, ambao una faida moja kubwa: pini moja ikikatika, saa inabaki imeshikwa na ya pili. Je, mkanda huo hauharibu uwiano uliousifu?

Mwanzisha uzi

Ndugu yangu wa Mafia, asante kwa mchango wa mtu aliye kazini. Kwa dakika tatu za kusimama, mwenye Black Bay 54 anaweza kuutazama mshale wa sekunde ukizunguka mara tatu, au kuhesabu kwa alama za dakika zilizo kwenye uso wenyewe, lakini nakubali kwamba hiyo ni njia ya kuzunguka tatizo, na ningependa zaidi kama alama zingekuwapo. Niwakumbushe wageni pia kwa nini bezeli huzunguka upande mmoja tu, kinyume na mshale wa saa. Unapozama unaweka pembetatu ya bezeli mbele ya mshale wa dakika, na bezeli ikigongwa na mtungi ikasogea, itaonyesha kwamba umekaa chini muda mrefu kuliko ilivyo kweli, kwa hiyo utatoka mapema badala ya kuchelewa.

Kuhusu mkanda wa kitambaa, ndiyo, unaoupita mgongo wa saa huinyanyua kwa milimita moja au mbili, na kwa saa iliyo nyembamba hilo linavumilika, ila kwa ile ya milimita 14 na zaidi inageuka kuwa mnara. Ningetumia huo ndani ya maji kwa usalama uliousema, na mpira laini usiopita chini ya kasha kwa siku nyingine. Ngozi msiitumie kabisa ukanda wa pwani, kwani jasho na chumvi huiozesha.

Niongeze la matengenezo, kwa kuwa litawahusu wote. Saa yoyote ikifunguliwa mgongo, iwe kwa kubadilisha betri au kwa kusafisha mashine, ibadilishwe oringi na ipimwe shinikizo kabla ya kurudi majini. Muulizeni fundi kama ana mashine ya kupimia. Asipokuwa nayo, kazi yake inaweza kuwa nzuri kabisa, lakini saa hiyo ibaki nchi kavu hadi ipimwe kwingine. Katika kuchagua pia fikirieni hilo: mashine za Seiko na Miyota zimezoeleka kwa mafundi wengi na vipuri vyake vinapatikana kwa urahisi zaidi, ilhali mashine ya Tudor itabidi irudishwe kwa wakala wa kampuni, na gharama ya kuisafirisha iingizwe kwenye bei tangu siku ya kwanza.

Dada mwenye mkono wa milimita 47, ukishaijaribu hiyo 54 utuandikie hapa ncha za pembe zimeishia wapi.